Uzi wa Lionesses: Tuisome rekodi yenyewe kabla ya kusema "walipewa bure"

#1 Mkaazi wa Ngong Road

Wanaraga, habari zenu.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya kauli moja inayorudiwa kila timu yetu ya taifa ya Kenya ya raga ya saba ya akina dada inapotajwa: eti Lionesses walikwenda Olimpiki mara mbili kwa hisani ya Afrika Kusini, kwa hiyo hawana rekodi ya kuzungumziwa. Nimeisikia uwanjani siku za ligi, nimeisikia kwenye matatu ya 111, nimeisikia hata kwa watu ambao raga wanaijua tangu enzi za baba zao. Leo nataka tuifungue tuone ndani yake kuna nini.

Lililo kweli ni hili. Mwaka 2015 mashindano ya Afrika ya raga ya saba ya wanawake yalichezwa Afrika Kusini, na wenyeji wakatulaza kwenye fainali. Tikiti ya bara ya kwenda Rio ikawa yao. Kamati yao ya Olimpiki, SASCOC, ikaikataa kwa sababu haikuitambua njia ya bara kuwa kipimo tosha cha timu ya kupelekwa Olimpiki. Nafasi ikashuka kwa mshindi wa pili, yaani sisi. Miaka minne baadaye, 2019, mambo yakajirudia kule Jemmal, Tunisia. Afrika Kusini bingwa, Kenya ya pili, SASCOC ikashikilia msimamo wake, na Lionesses wakapata tikiti ya Tokyo.

Wenye ile kauli huishia hapo. Hawasemi fainali ya Jemmal iliishaje. Iliisha 15-14. Pointi moja! Timu iliyoshindwa kwa pointi moja kwenye fainali ya bara zima ndiyo inayoitwa timu ya kuokota tikiti.

Sasa tazameni walichofanya walipofika huko.

Rio 2016, mara ya kwanza kabisa raga ya saba kuchezwa Olimpiki, tulitupwa kundi moja na New Zealand, Ufaransa na Uhispania. New Zealand walitupiga 52-0. Ufaransa 40-7. Uhispania 19-10. Tukashuka kwenye mechi za kuwania nafasi ya tisa hadi ya kumi na mbili, Japan wakatufunga 24-0, kisha tukawapiga Colombia na kumaliza wa 11 kati ya timu 12.

Tokyo, Olimpiki ya 2020 iliyochezwa 2021 viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, tukapangwa tena na New Zealand, pamoja na Uingereza na Urusi. New Zealand safari hii 29-7. Mechi zote tatu za kundi tulipoteza, hilo silifichi. Lakini baada ya kundi tukakutana na Japan. Japan ile ile ya 24-0, tena kwao nyumbani, na wakati huu sisi ndio tulioshinda, 21-17. Canada wakatuzuia kwenye mechi ya nafasi ya tisa, 24-10, tukamaliza wa 10.

Mwenye kusema hakuna hatua iliyopigwa aanze na hiyo Japan. Kutoka kufungwa kwa tofauti ya pointi 24 hadi kuwashinda kwao, na kati ya mechi hizo mbili kuna miaka mitano ambayo Lionesses hawakuwa timu ya kudumu kwenye Msururu wa Dunia, yale mashindano ya duru za kila msimu ya timu kubwa, hata msimu mmoja.

Na wale wanaopenda kuwalinganisha na Shujaa, timu yetu ya saba ya wanaume, nawaomba wafanye hivyo kwa haki. Rio wanaume walimaliza wa 11. Lionesses wa 11. Tokyo wanaume wa 9, Lionesses wa 10. Hao wanaume ni timu iliyokuwa imezunguka dunia nzima, duru baada ya duru, msimu baada ya msimu. Ilitwaa duru ya Singapore mwaka huo huo wa 2016 kwa kuipiga Fiji 30-7 fainali. Kama timu iliyopewa kila kitu na timu iliyopewa kidogo zinakaribiana hivyo kwenye Olimpiki, basi swali la "nani amepewa bure" linafaa kuulizwa upya.

Karibuni tujadili.

#2 Mtetezi wa Takwimu

Ndugu Mkaazi, nimesoma yote na nakuheshimu, lakini nadhani umechagua mechi zinazokufaa. Tuchukue kundi zima. Rio tulifungwa jumla ya pointi 111 katika mechi tatu za kundi, tukafunga 17. Tokyo tulifungwa 95, tukafunga 19. Uingereza walitupiga 31-0 na Urusi 35-12. Hatua ipo, ndiyo, ila ni ndogo kwa kipindi cha miaka mitano. Na Olimpiki zote mbili tulishinda mechi moja moja.

Halafu fainali ya pointi moja bado ni fainali uliyopoteza. Paris 2024 Afrika Kusini walikubali tikiti yao, wakaenda, nasi tukabaki nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma. Mlango uliokuwa umeachwa wazi umefungwa, na hatukuwa tayari kuingia kwa nguvu zetu.

#3 Mkaazi wa Ngong Road

Takwimu zako ni sahihi, ndugu, wala sina ugomvi nazo. Ila pima pia uzito wa kundi. New Zealand waliotupiga Rio walitoka na medali ya fedha. New Zealand wa Tokyo walitoka na dhahabu, na hao Uingereza wakamaliza wa nne. Timu ya tatu na ya nne kwa upangaji wa kundi siku zote ndiyo hubeba mzigo huo, kwa sababu mpangilio unafuata matokeo ya Msururu wa Dunia, na sisi humo hatukuwamo. Ukiwa nje ya Msururu huna pointi za upangaji. Ukikosa pointi unapewa vigogo. Ukipewa vigogo unafungwa 31-0. Halafu watu wanauliza kwa nini timu hii ipewe pesa ya kwenda Msururu. Mduara huo ndio nataka tuuone.

Kuhusu Paris tunakubaliana kabisa. Afrika Kusini walipandishwa ngazi 2023 kupitia Challenger, mashindano ya daraja la chini ya kupandia Msururu, iliyochezwa kwao Stellenbosch, wakaanza kucheza na wakubwa kila duru. Wakati huo sisi tulikuwa bado nje.

#4 Winga wa Zamani

Nimekuwa nasoma kimya, lakini hapa lazima niseme kitu. Nilicheza klabu hapa Nairobi kwa misimu kadhaa, jezi ya taifa sikuifikia, ila nimefanya mazoezi bega kwa bega na walioifikia.

Watu wakiona 52-0 hudhani wasichana walisimama tu wakatazama. Hawaijui raga ya saba inavyoadhibu. Mechi ni dakika 14, saba kwa saba, uwanja ni ule ule wa wachezaji 15. Na katika saba, timu iliyofunga trai, yaani iliyouweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha tena. Sasa fikiria New Zealand wamefunga. Wanapiga mpira juu, mrefu wa kutosha kukaa hewani, na wana wasichana warefu wenye kazi moja tu ya kuruka na kuudaka mbele yako. Wakiupata, umebaki unakaba tena bila kuugusa mpira. Wanafunga, wanapiga, wanaudaka. Unaweza kumaliza dakika nne hujaushika. Kila ukikaba unachoka, ukichoka unakosa kumkaba mmoja, na mmoja akipita katika uwanja mpana hivyo hakuna wa nyuma wa kumzuia.

Huo mpira wa kuanzisha haujifunzwi kwa mazoezi ya hapa uwanja wa RFUEA peke yake. Unahitaji kupigiwa na watu wanaojua kuupiga, mara nyingi, wikendi baada ya wikendi. Ndiyo maana mimi huitazama ile 29-7 kwa heshima kubwa kuliko hata ushindi dhidi ya Japan. Kuwafunga New Zealand trai katika Olimpiki, na kuwabana chini ya 30, maana yake tulidaka mipira kadhaa. Maana yake tulikuwa na mpira mkononi.

Na jingine ambalo aliyeko jukwaani halioni. Mchezaji wa klabu hapa mjini anatoka kazini saa kumi na moja jioni, anakimbilia mazoezi, giza linaingia, taa za uwanja ni za kubahatisha, kisha anatafuta matatu ya kumrudisha Kayole au Githurai usiku akiwa na begi la viatu. Anaamka alfajiri. Akiumia goti, gharama ni ya nyumbani. Wenzake anaokutana nao Olimpiki wamelipwa mshahara mwaka mzima kufanya hilo moja tu. Sisemi haya tuonewe huruma. Nasema ili mtu akilinganisha matokeo, alinganishe na kilichotangulia matokeo.

#5 Babu Skramu

Binti yangu Winga, umenena. Nyongeza ndogo kutoka kwa mzee.

Msisahau Gaborone 2018. Lionesses walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka huo, wakiwalaza Uganda fainali. Najua mtaniambia Afrika Kusini hawakushiriki. Sawa. Bingwa ni anayekuja. Kocha siku zile alikuwa Kevin Wambua, na huyo huyo ndiye aliyeirudisha Shujaa Msururu wa Dunia kwa kuipiga Ujerumani kule Madrid 2024. Kabla ya kuwaokoa wanaume, aliiva kwa hawa wasichana. Mike Shamiah aliwapeleka Rio, Felix Oloo akawapeleka Tokyo. Makocha wa nyumbani wote, tuwataje kwa majina yao.

#6 Mtetezi wa Takwimu

Mzee Babu, shikamoo. Gaborone naikubali.

Lakini nina jambo ambalo halijasemwa. Mwezi mmoja haukuisha baada ya Tokyo, Agosti 2021, timu yetu ya wanawake ya wachezaji 15 ilicheza na Colombia hapa uwanja wa Nyayo kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Tukapoteza 16-15. Colombia tuliowapiga Rio! Pointi moja tena. Jemmal pointi moja, Nyayo pointi moja. Mnaniambia mduara wa upangaji; mimi nawaambia kuna tatizo la kumaliza mechi. Kundi la wachezaji tulilo nalo ni dogo, wengi ni wale wale wa saba na wa 15. Wanachoka, na uchovu huonekana dakika za mwisho.

#7 Winga wa Zamani

Hapo umegusa kidonda chenyewe, kaka.

Tazama majina tu. Philadelphia Olando, Sheila Chajira, Janet Okelo. Walikuwa Rio, wakawa Tokyo. Olando na Chajira ndio walioshika unahodha Tokyo. Okelo alifika hadi kucheza klabu Japan, na kasi yake pembeni sidhani kama tumepata mwingine aliyeifikia. Nawapenda kwa moyo wote. Lakini timu inayotegemea mgongo ule ule kwa miaka mitano maana yake nyuma yao foleni ilikuwa fupi. Wenzetu wakienda Olimpiki nyingine nusu ya kikosi ni sura mpya, kwa sababu chini kuna wasichana wa miaka 19 wanagonga mlango.

Kumaliza mechi unakokusema, dakika ya 12, 13, 14, ni kazi ya benchi. Katika saba una akiba ya watano na kila mmoja ana maana. Nguvu ya benchi ikiwa chini ya wale walioanza, unaongoza mapumzikoni kisha unafunikwa kipindi cha pili. Benchi linatoka kwa ligi. Ligi ya wanawake ikichezwa kwa kuahirishwa ahirishwa, klabu ikija na wachezaji tisa, ushindi wa mezani, benchi litatoka wapi?

#8 Kijana wa Jamhuri

Swali la pesa mbona mnalizunguka? Mdhamini anafuata macho. Watu wakijaa kwenye mashindano ya Safari Sevens hapa Nairobi, wanajaa kwa Shujaa. Mechi za akina dada zinachezwa asubuhi jukwaa likiwa tupu, kabla watu hawajafika. Mimi sichukii, nasema hali ilivyo.

#9 Mkaazi wa Ngong Road

Kijana, hali ilivyo ni ya kupangwa na watu, na watu wanaweza kuipanga upya. Mechi ikiwekwa saa mbili asubuhi itakosa watazamaji hata wakicheza malaika. Iweke saa tisa alasiri, kati ya nusu fainali mbili za wanaume, uone kama jukwaa litaondoka. Halitaondoka. Mtu aliyelipa tiketi na kununua mahindi choma hahami kiti chake.

Na sasa sababu hiyo ina nguvu zaidi. Muundo mpya wa mashindano ya dunia, msimu wa 2025-26, umeweka daraja la pili, SVNS 2, lenye timu sita za wanawake: Argentina, Brazil, China, Kenya, Afrika Kusini na Uhispania. Duru zake zimegawiwa Nairobi, Montevideo na São Paulo. Someni tena orodha hiyo. Tunakutana na Afrika Kusini kila duru badala ya mara moja kwa mwaka tikiti ikiwa mezani. Tunakutana na Uhispania waliotufunga 19-10 Rio. Na timu nne za juu za daraja hilo zinaungana na nane za daraja la kwanza katika duru za mwisho za ubingwa wa dunia. Nne kati ya sita! Hiyo ndiyo njia ya kutoka kwenye ule mduara niliousema, na ni mara ya kwanza nauona mlango wa namna hii ukielekea kwetu.

Msimamo wangu sasa ni huu: tuwapime Lionesses kwa mechi hizi. Je, mpira wa kuanzisha wanaudaka? Je, dakika tatu za mwisho wanazimudu? Dhidi ya Afrika Kusini, tofauti inapungua au inapanuka? Hicho ni kipimo cha haki. Hadithi ya tikiti ya 2015 tumeisema vya kutosha.

#10 Mtetezi wa Takwimu

Kwa kipimo hicho nakubali. Ila nitakuwa mkali. Tukimaliza mkiani mwa daraja hilo tukiwa tumecheza nyumbani, sitakubali kisingizio cha vigogo. Brazil tulimaliza juu yao Tokyo. China na Argentina ni timu za kufikiwa.

#11 Babu Skramu

Ukali unaruhusiwa, mwanangu. Mradi uje uwanjani. Mkali wa nyumbani mbele ya simu hana faida kwa mtu.

#12 Mama Form Two

Samahani nawaingilia, nimeletwa hapa na mtu aliyenitumia uzi huu. Mimi raga siijui. Binti yangu yuko kidato cha pili, anakimbia sana, mwalimu wake wa michezo amemwambia ajaribu raga. Baba yake hataki, anasema ni mchezo wa kuvunjana shingo. Mimi niko katikati. Nimesoma mpaka hapa na machozi yamenilenga niliposoma ya yule dada anayerudi Kayole usiku. Je, nimruhusu? Na akitaka kuanza likizo hii, aende wapi hapa Nairobi?

#13 Winga wa Zamani

Mama, karibu sana, na asante kwa kuuliza kabla ya kukataa.

Hofu ya baba ina msingi, tusimdharau. Raga ni mchezo wa kugongana. Lakini anayeanza hatupwi uwanjani kukabana siku ya kwanza. Huanza na raga ya kugusa, ambapo ukimgusa mwenye mpira umemsimamisha, hakuna kuangushana. Kisha anafundishwa kuanguka, kuweka kichwa upande ulio salama, kukaba akiwa amepiga magoti, halafu akitembea, ndipo akikimbia. Kocha anayeruka hatua hizo, mwondoe mtoto siku hiyo hiyo bila kuomba radhi. Muulize kocha maswali mawili: nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza hapa, na mtoto akigongwa kichwa mnafanyaje? Jibu sahihi la swali la pili ni kwamba anatolewa na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mnunulie kinga ya meno kabla ya viatu.

Kwa kasi yake, saba ndiyo nyumba yake. Michezo ya shule za sekondari ina raga ya saba ya wasichana, na kuna shule kama Kinale Girls kule Kiambu zilizojijengea jina kwayo, kwa hiyo mwalimu wake hamwambii jambo geni. Kwa likizo, klabu za mjini zenye timu za wanawake ndizo za kuanzia. Mwamba wako Railways Club, karibu kabisa na katikati ya jiji, rahisi kwa anayetoka upande wowote. Impala wako Ngong Road. Nenda naye wewe mwenyewe mara ya kwanza, keti ukingoni mwa uwanja, tazama jinsi wasichana wakubwa wanavyowasemesha wadogo. Utajua ndani ya saa moja kama ni mahali pa kumwacha.

#14 Mkaazi wa Ngong Road

Na baba yake aje pia, mama. Mwambie kuna wazee wa kumweleza sheria.

#15 Babu Skramu

Nitakuwa Railways Jumamosi kuanzia saa nane. Kofia ya kijani, upande wa jukwaa. Baba Form Two aulizie Babu, wote wananijua. Nitamkalisha karibu nami nimweleze skramu hadi aelewe.

#16 Mama Form Two

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea baba yake ujumbe wa dada Winga. Amesema atakuja kuangalia tu, hajakubali. Tutakuja Jumamosi. Hiyo kinga ya meno inauzwa duka la dawa au la michezo?

#17 Winga wa Zamani

La michezo, mama. Ile ya kuchovya kwenye maji moto kisha anaiuma ishike umbo la meno yake. Usinunue kubwa ya mtu mzima, mfanyakazi wa duka atakuuliza umri.